Mwenye Uso Aseme Basi

Mume wangu hunuka mayai viza kila Jumanne na Alhamisi. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanilaumu baadaye. Siku nyingine zote ni mtu nadhifu, shati lake analipiga pasi mwenyewe, kucha amezikata. Lakini siku hizo mbili hutoka uani na harufu ambayo iliwahi kumnyanyua mteja wangu kwenye kiti nikiwa nimemsuka nusu kichwa. Akaondoka hivyohivyo, upande mmoja mistari, upande mwingine kichaka, na hajarudi mpaka leo.

Mimi ni msusi, yeye ni mpiga picha. Saluni yangu iko mbele, inatazama barabara. Chumba chake cha giza kiko nyuma, na kati yetu kuna ua mdogo wenye bomba, kamba ya nguo na meza ya mbao iliyooza mguu mmoja. Bado anapiga kwa filamu, picha nyeusi na nyeupe, na anazisafisha mwenyewe kwa taa nyekundu huku ameufunga mlango kwa komeo kama anaficha mtu. Watu wakimwambia siku hizi kila mwenye simu ni mpiga picha, hucheka tu. Hana ubishi yule. Ubishi wa nyumba hii niliubeba wote mimi.

Harufu yenyewe inatokana na rangi. Yeye husema picha nyeusi na nyeupe ni ya kweli lakini imenuna, na kazi yake ni kuibembeleza. Huichukua picha iliyokwisha kukauka, akailowesha, akaitia kwenye trei ya kwanza yenye dawa ya manjano. Humo picha huanza kufutika. Huondoka kwanza pale palipo peupe, halafu nyuso, na mwisho kabisa ule weusi wa nywele na macho. Akiitoa, huiosha bombani mpaka maji yatoke meupe, kisha huitia kwenye trei ya pili, ile ya mayai. Hapo picha hurudi, tena mbio, ila ikiwa na rangi ya kahawia. Dawa hiyo ya pili haingii chumba cha giza hata kwa dawa, maana harufu yake huharibu karatasi ambazo hazijatumika. Kwa hiyo hukaa uani, karibu na pua yangu.

Mtaa ulimbatiza Fundi Mayai, na hilo jina limeshika kuliko alilopewa na wazazi wake. Kuna mama mmoja mgeni alikuja na trei tupu mbili kichwani, akauliza Fundi Mayai anauzia wapi. Mume wangu akamwambia mayai yamekwisha ila picha zipo. Yule mama akakaa, akapigwa picha na trei zake mapajani. Ipo ukutani kwetu hadi leo, na kila anayeingia huuliza ni nani yule anayecheka vile.

Sasa kuna jambo moja la kulijua. Rangi inavyotoka inategemea ni wakati gani umeitoa picha kwenye trei ya kwanza. Ukiitoa mapema, weusi hubaki kwenye nywele na vivuli, na kahawia hukaa usoni tu. Ukichelewa, yote hugeuka kahawia, kuanzia viatu hadi nyusi. Wengine hupima kwa saa. Yeye hapimi. Humwita mwenye picha aje asimame mezani, atazame trei, na mwenyewe ndiye aseme basi. Mwenye uso aseme basi, ndivyo alivyo, na hafanyi vinginevyo hata umpigie magoti. Fundi viatu wa jirani alikuja na kipande cha ngozi mkononi, akataka uso wake utoke rangi ile. Askari mmoja mstaafu alisimama wima mbele ya trei, mikono ubavuni, na ilipofika akatoa amri ya basi mpaka paka wetu akaruka ukuta. Wote waliondoka na nyuso zao, wameridhika.

Mtu mmoja tu alikuwa hajawahi kusimama kwenye meza ile, naye ni mimi.

Picha yetu ya harusi ilipigwa miaka ishirini na saba iliyopita na yule mzee aliyemfundisha mume wangu kazi. Tulimwita Bosi. Siku ile nilikuwa nimependeza, sijisifu, walionitazama wapo. Nilipakwa mafuta nikang'aa, na mama yangu, ambaye hakuwa mtu wa kusifu ovyo, aliniambia rangi yangu imetulia. Wiki moja baadaye Bosi akatuletea picha. Nikamwona mwanamke aliyemwagiwa majivu ya jikoni. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili na mdomo wa watu wanne. Nikasema, "Huyu si mimi," nikaigeuza uso chini mezani, na jioni ile ikaingia kwenye sanduku, chini ya mapazia.

Mume wangu hakununa. Alisema, "Nitakutengenezea."

Na alijaribu. Kwa miaka yote hiyo aliniletea nne, moja baada ya nyingine, kila moja imefungwa kwenye gazeti. Ya kwanza nilitazama uso wangu, nikaona nina homa ya manjano, nikamrudishia. Ya pili ilikuwa rangi ya tofali. Nyingine mbili sikumbuki niliziita nini, ila si jina zuri. Kila mara aliniomba jambo lilelile, nije uani nisimame kwenye trei niseme mwenyewe. Kila mara nilimjibu kuwa nina wateja na nina pua. Huchoki, nilimwuliza siku moja. Akasema bado.

Halafu binti yetu kitinda mimba akachumbiwa.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka wiki mbili kabla ya harusi, alipokuja saluni akakaa kwenye kiti cha wateja na kuniambia kwamba mlangoni mwa ukumbi kutakuwa na meza, na mezani kutakuwa na picha za harusi za wazazi wa pande zote mbili. Wakwe zake walikwisha kuleta yao. Kubwa, ya rangi zote, fremu ya dhahabu.

"Yetu haipo," nikamwambia.

"Ipo, Mama. Baba kaniambia iko chini ya mapazia."

"Ile haitoki."

"Sawa. Basi nitaweka fremu tupu pembeni ya ile yao, watu waulize wenyewe."

Huyo mtoto ameurithi mdomo wangu wote, hakubakiza hata kidogo. Sikutaka mwanangu aingie ukumbini kwake na fremu tupu, na sikutaka pia ukoo mzima wa wakwe unione nina majivu. Mume wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni anafuta mikono, akasema taratibu kuwa anazo karatasi tano. Bosi alimwachia kabla hajafariki. Za aina ile hazitengenezwi tena, na hakuna karatasi inayopokea kahawia kama zile. Alizitunza kwa ajili ya picha hiyo.

"Tano," nikasema. "Za kwanza nne ulizipoteza kwenye karatasi gani?"

"Za kawaida. Hizi nilikuwa naziwekea siku utakayokubali kuja uani."

Nikamwambia tutaona. Kwangu mimi hilo ni neno kubwa, na yeye analijua, maana siku nzima alipiga mluzi.

Wiki hiyohiyo mama yake akaja kukaa nasi kwa ajili ya harusi. Mama mkwe wangu ni mtu wa usafi. Akiingia nyumbani kwako hakusalimii kabla hajaangalia chini ya kiti. Nampenda, lakini nampenda vizuri zaidi akiwa kwake. Asubuhi ya Jumatano, tukiwa tunakunywa chai, mume wangu alimwambia binti yetu asiwe na wasiwasi. "Kesho nasafisha ile picha," akasema. "Karatasi ziko kwenye boksi la njano kule ndani, hazijasafishwa hata moja. Kazi ya siku moja tu."

Mama mkwe alikuwa anasikiliza huku anafuta meza iliyokwisha kufutwa.

Sisi tukaondoka. Mume wangu alikwenda kupiga picha za wahitimu, mimi nikaenda sokoni kununua nywele. Niliporudi saa sita, nilipita uani kwanza kuweka mzigo, nikashikwa na butwaa. Kwenye kamba ya nguo, kati ya shuka na soksi za mume wangu, zilining'inia karatasi nne, kila moja na vibanio viwili. Jua lilikuwa linaziwakia. Zilikwisha kugeuka zambarau iliyopauka. Chini yake kulikuwa na beseni la povu, na pembeni ya beseni, brashi ya kusugulia kola.

"Nimemsaidia mwenzio," mama mkwe akasema, akiwa amekaa kwenye kigoda, ameridhika. "Jana alionekana kachoka. Zilikuwa na utelezi, mwanangu, sijui walizishika na mikono gani. Nimesugua mpaka nikaona zinaanza kubadilika rangi."

Kwa wasiojua, karatasi ya picha ikiona mwanga kabla ya wakati wake, imekufa. Kuisugua kwa sabuni ya unga ni kuizika tu. 

Mume wangu akaingia saa nane. Akaiona kamba. Akaweka begi la kamera chini polepole, akaenda akagusa karatasi moja kwa ncha ya kidole, halafu akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Nilijua anachokiona pale, ni miaka ishirini na saba inakauka kwenye kamba. Nikangoja apasuke, na ningemuunga mkono kwa nguvu zote.

"Asante, Mama," akasema. "Zimetakata kweli."

Nikaingia ndani nikalia kidogo. Nasema wazi, nililia, na si kwa sababu ya picha. Ni kwamba mtu niliyemrudishia kazi yake mara nne bila hata kusema ahsante alikuwa bado ana neno zuri la kumpa aliyemwondolea ya tano.

Binti yetu ndiye aliyemweleza bibi yake ukweli, maana sisi wawili tulishindwa. Bibi kizee akashika kichwa. Halafu, kwa kuwa ni mama mkwe, akageuza kesi.

"Sasa ninyi mbona mnasema kusafisha? Mngesema kupika nisingezigusa."

"Tungesema kupika ungewasha jiko, Mama," nikamjibu.

Alinikazia macho. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na binti yetu akadakia, na tukacheka wote pale uani mpaka fundi viatu akachungulia ukutani kuuliza kuna nini. Mume wangu peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama, anajipapasa mfukoni, anatafuta ufunguo wa droo.

Ilibaki karatasi moja. Ilikuwa imekunjika kona, kwa hiyo zamani aliitenga kwenye bahasha nyeusi ndani ya droo, isichanganyike na nzima. Mama mkwe hakuifikia kwa sababu droo ilikuwa imefungwa. Nadhani vinginevyo angeinyoosha kwa pasi.

Alhamisi asubuhi alijifungia. Baadaye alinieleza kuwa aliikata ile kona mbovu, akaitengeneza vipande vyembamba vya kujaribia mwanga, vipande vitatu, vidogo kama tiketi. Sehemu iliyobaki akaitolea picha kutoka kwenye filamu ya Bosi. Aliiacha iwe nyeusi kidogo kuliko kawaida, maana kahawia hula weusi. Ilipokauka akaja saluni akiwa ameishika kwa mikono miwili.

Nilikuwa na mteja ndani ya draya. Mume wangu hakuniletea picha niitazame. Alisimama tu mlangoni, akasema, "Mama Watoto, sitaitia kwenye dawa usipokuja. Nikikosea hii hakuna nyingine. Na nikiifanya peke yangu nitakosea, kama nilivyokosea zile nne."

"Ulikosea nini? Wewe ndiye fundi."

"Mimi siujui uso wako ulivyokuwa kwako. Naujua ulivyokuwa kwangu."

Nilimwambia mteja anipe dakika kumi. Nikavua aproni, nikajifunga kitambaa puani, nikatoka uani. Mama mkwe alikuwa amekaa mbali karibu na bomba. Ile brashi tulikwisha kumnyang'anya, na mikono ameikunja mapajani kama mtoto aliyekatazwa kugusa.

Mume wangu akailowesha picha. Akaitelezesha kwenye trei ya manjano, akaanza kuitikisa polepole kwa kuinua kona moja ya trei na kuishusha. Nami nikainama.

Lilianza gauni. Mikunjo yake, ile niliyoipiga pasi mwenyewe usiku kucha, ikafifia ikaisha. Halafu maua. Halafu ukuta wa nyuma. Nilikuwa nimejiambia nitakuwa mtulivu, ni picha tu, tena picha niliyoitukana kuliko nilivyowahi kumtukana mtu. Lakini weupe ukafika kwenye paji langu la uso. Mashavu yakaanza kuondoka. Nikamwona yule msichana wa miaka ishirini na mbili anafutika mbele yangu na sina mwingine wa kuweka mahali pake, na nikagundua kwamba simtaki aende. Hata na majivu yake, simtaki aende.

"Basi," nikasema.

"Bado kidogo huwa..."

"Nimesema basi."

Akaitoa palepale, hakubisha. Akaiosha bombani muda mrefu, nami nikasimama naye, na mama mkwe akasogea bila kuitwa. Macho, nywele na koti la mume wangu vilikuwa vimebaki vyeusi. Nyuso zilikuwa kivuli cha manjano tu. Kisha akafunua trei ya mayai, na ile harufu ikatupiga, na kwa mara ya kwanza sikurudi nyuma.

Ilirudi yote kwa mpigo. Nilikuwa nimeshika kitambaa puani, nikakishusha. Nywele zilibaki nyeusi. Macho yalibaki meusi. Na uso ulikuwa ule, rangi yangu ya siku ile, iliyotulia, kahawia yenye uhai ndani yake. Si manjano wala si tofali. Gauni limekuwa la rangi ya maziwa. Nilimtazama yule msichana nikamtambua, nikataka kumwomba radhi.

"Ndiyo huyo?" mume wangu akauliza.

"Ndiye."

"Imetakata," akasema mama mkwe. Hakuna aliyemkatalia.

Hapo ndipo, nafsi ikiwa imeshiba uso wangu, macho yangu yakasogea pembeni kwenye picha. Nilisogea karibu zaidi. Kwa miaka ishirini na saba nilikuwa nimejitazama mwenyewe tu kwenye picha ile, na kila nilipoletewa nyingine niliangalia mashavu yangu na kuirudisha. Bwana harusi amesimama kando yangu, koti limembana, tai imepinda, na macho ameyafumba kabisa.

"Umefumba macho," nikamwambia.

"Nimefumba."

"Ulijua?"

"Tangu siku ile. Bosi alipiga mbili. Kwenye ile nyingine mimi nimefumbua, wewe ndiye umefumba. Akaniuliza atoe ipi." Aliinua picha kwa koleo, maji yakadondoka. "Nikamwambia atoe hii. Wewe ulikuwa umetoka vizuri."

"Nilitoka majivu."

"Rangi ndiyo ilikuwa mbaya. Uso ulikuwa mzuri."

"Na miaka yote hiyo mimi nalalamika, wewe hukusema hata siku moja kwamba umetoka umelala?"

Akafikiri, kama mtu aliyeulizwa swali la kawaida. "Nilikuwa naona hujamaliza," akasema.

Nilimpiga begani kwa kitambaa, halafu nikakilaza kichwa changu palepale nilipompiga, ingawa alikuwa ananuka vibaya mno. Mteja wangu akaita kutoka ndani kwamba anaungua.

Jumamosi ya harusi, picha yetu ilisimama mezani pembeni ya ile ya wakwe. Ilikuwa ndogo zaidi, imekatwa upande mmoja, na fremu yake ni ya mbao tuliyoipaka rangi wenyewe. Watu waliipita ile ya dhahabu wakaja kuinamia yetu. Wengi walisema bibi harusi alikuwa mzuri, nami sikukanusha. Halafu mjomba mmoja wa upande wa wakwe, mtu wa mizaha, akavaa miwani yake, akatazama tena na kuniuliza kwa sauti iwapo huyu bwana harusi siku hiyo alikuwa amesinzia.

Nilimtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa amesimama mwisho wa ukumbi na kamera yake shingoni, anawasogeza mabega maharusi ili wote wawili watazame mbele.

"Alikuwa ananisubiri," nikamwambia yule mjomba, na safari hiyo sikuwa natania.